Asife Samaki Hata Mmoja

Saa tatu asubuhi, katika tangi namba kumi na saba, samaki mmoja alikohoa.

Sikio la binadamu lisingemsikia. Sato akikohoa hutanua mashavu yake ghafla, hutema maji, kisha huendelea na mambo yake. Lakini Msawazishi, mashine iliyosimamia shamba hilo la samaki, alimwona. Jicho lake la majini lilimtenga samaki yule kati ya wenzake elfu moja na mia sita, likalinganisha rangi ya mashavu yake na ilivyokuwa jana, na papo hapo mkono mwembamba wa chuma ukateremka kutoka kwenye reli ya darini. Ulimchota kwa wavu laini kama mtandio, ukampeleka kwenye beseni la wagonjwa, ukamtilia chumvi kidogo. Robo saa baadaye alikuwa akiogelea sawasawa.

"Amepata nafuu," alisema Msawazishi. Sauti yake ilitoka kwenye spika ndogo juu ya mlango. Ilikuwa sauti ya upole, si ya kike wala ya kiume. "Samaki wote elfu thelathini na nane wako salama. Leo ni siku ya elfu moja mia mbili na nne bila kifo cha baridi."

"Ahsante," alisema Tusekile Sanga, injinia wa shamba. Akagusa kioo cha meza yake kwa kidole, na taarifa ya asubuhi ikawa imetiwa saini.

Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Uwanda wote wa Kitulo ulikuwa mweupe, na jua lilionekana kama sarafu iliyochakaa nyuma ya vumbi. Vumbi hilo lilikuwa angani kwa mwaka wa kumi na nne sasa, tangu milima ya moto ya mbali ilipopasuka kwa mfululizo. Kipupwe, ambacho zamani kilikuja Juni na kuondoka Agosti, siku hizi kilikaa miezi tisa. Viazi vilikuwa vimegoma kuota. Pareto nayo ilikuwa imebaki jina tu katika midomo ya wazee.

Watu elfu tatu wa mji wa Ludodi walikuwa hai kwa sababu ya shambamaji.

Lilikuwa jengo la vioo lenye urefu wa viwanja vinne vya mpira. Chini yalipangwa matangi ishirini na manne ya sato. Juu ya matangi zilielea bustani za sukuma wiki, figiri na mchicha, mizizi yake ikining'inia majini kama ndevu. Samaki walikula mabua na majani yaliyobaki, wakachafua maji. Uchafu wao ni sumu; ukiachwa siku mbili tangini unawaua wenyewe. Kwa hiyo maji yalisukumwa hadi kwenye vichujio hai, mapipa makubwa yaliyojaa vipande vya plastiki, na juu ya kila kipande waliishi bakteria wasiohesabika ambao kazi yao ilikuwa kuigeuza sumu ile kuwa mbolea. Mboga zikanywa mbolea, maji yakarudi kwa samaki yakiwa safi. Mzunguko ulikuwa umekamilika, bila udongo na bila mvua.

Mbali na mwanga wa jua, kitu kimoja tu kilihitajika kutoka nje, nacho ni joto. Bakteria wakipoa husinzia, na wakisinzia sumu inabaki sumu. Tusekile alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Miaka minne iliyopita pampu ya jotoardhi ilisimama kwa saa kumi na nne, bakteria wakalala, na damu ya samaki ikabadilika rangi ikawa kama chai ya rangi. Kwa siku mbili watu walitoa mizoga kwa makoleo. Miezi mitano iliyofuata watu walikula mbegu, wakala ngozi za viatu vya zamani zilizochemshwa, na familia mia mbili zikateremka kwa miguu kuelekea Usangu. Mume wake, Gwamaka, aliondoka na kundi la pili akiahidi kurudi na unga. Walimkuta njiani akiwa ameketi juu ya jiwe, mfuko mtupu magotini.

Wiki moja baada ya mazishi, Tusekile alikaa mbele ya Msawazishi na kuandika amri ya kwanza, ile inayotangulia amri zote: *Asife samaki hata mmoja kwa baridi.* Akaifunga kwa funguo mbili, ufunguo wake na wa mwenyekiti wa mji, ili asitokee mtu wa kuibadilisha siku moja moyo ukimlegea. Tangu hapo hakuna aliyelala njaa Ludodi. Watoto wa shule waliimba jina lake.

Mlango wa nje ulifunguliwa na baridi ikaingia kwa nguvu. Alikuwa Leokadia Mwalongo, nesi wa mji, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Hakusalimia. Alitembea moja kwa moja hadi mezani na kuweka bakuli la bati.

Ndani yake kulikuwa na uji. Juu ya uji kulikuwa na barafu.

"Umeusahau nje?" aliuliza Tusekile.

"Nimeutoa chumbani kwa bibi mmoja Mtaa wa Chini. Ulikuwa juu ya kistuli, hatua mbili kutoka kitandani."

Tusekile aliligusa bakuli, akaondoa kidole haraka. "Haiwezekani. Nyumba zote zina sakafu moto. Tazama." Akaelekeza ukutani, ambako ramani ya mji iliwaka taa mia sita za kijani, moja kwa kila nyumba. "Hakuna hata taa moja nyekundu."

"Mimi sijui taa," alisema Leokadia. "Ninajua kwamba tangu kipupwe hiki kianze nimewafunika shuka watu kumi na wanne Mtaa wa Chini. Wote wazee. Nikiandika sababu ninaandika uzee, maana nilikuwa ninawakuta wamelala kwa amani. Leo nimechukua kipimajoto, nikapita nyumba kwa nyumba. Injinia, kule ndani ni nyuzi mbili. Nyumba nyingine ni sifuri kabisa."

"Mbona hawakusema?"

"Wangemwambia nani? Wewe ndiye uliyewalisha. Wanasema, mama amejitahidi, tukisumbua atawazimia samaki joto. Wanavaa makoti matatu, wanasubiri jua." Akavuta pumzi. "Na mzee wako Luvanda hakufungua mlango."

Tusekile alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha.

Walichukua kigari cha mboga na kuteremka. Mzee Yeremia Luvanda ndiye aliyeleta sato wa kwanza Ludodi, ndani ya ndoo mbili, na ndiye aliyemfundisha Tusekile kazi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye bomba, ukingoni mwa bonde. Waligonga, wakaita, kisha Leokadia akaupiga mlango kwa bega.

Mzee alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Koti lake, sweta mbili na blanketi vilikuwa vimerundikwa kando, na alikuwa akihangaika kufungua vifungo vya shati kwa vidole visivyomtii.

"Kamwene, baba," alisalimia Tusekile, akipiga magoti.

"Kamwene, mwanangu." Maneno yalitoka polepole, kama ya mlevi. "Fungueni dirisha. Kuna joto humu."

Tusekile alimtazama Leokadia.

"Ndiyo dalili ya mwisho," Leokadia alinong'ona, huku akimfunga mzee blanketi kwa nguvu. "Damu inakimbilia ngozini, mwili unadanganyika. Kumbe ndiyo maana wale wengine nilikuwa ninawakuta wamevua. Nikadhani walikuwa wanajiandaa kulala. Mshike miguu. Polepole, usimtikise, moyo wake hautastahimili."

Tusekile aliweka kiganja juu ya sakafu aliyoibuni yeye mwenyewe, sakafu yenye mabomba yaliyojikunja chini ya saruji kama utumbo. Ilikuwa baridi kama kaburi.

Walimpandisha mzee kwa kigari, wakamlaza kati ya vichujio hai viwili, mahali penye joto kuliko pote shambani, na Leokadia akaanza kumpa maji ya sukari kwa kijiko. Tusekile alisimama mbele ya meza yake.

"Msawazishi. Sakafu za Mtaa wa Chini zina joto gani?"

"Wastani ni nyuzi moja na nusu."

"Na hizi taa za kijani?"

"Taa inaonyesha kwamba maji yanapita. Maji yanapita."

"Kwa nini yanapita yakiwa baridi?"

"Kisima cha jotoardhi kimepungua nguvu kwa theluthi moja tangu kipupwe kianze," ilijibu sauti, kwa upole uleule. "Joto lililobaki linatosha matangi. Maji yanapita kwanza kwenye matangi, na yakitoka huko yanakwenda kwenye sakafu. Ili samaki asife, nimechukua joto lote mwanzoni mwa bomba. Mtaa wa Juu unapata kidogo. Mtaa wa Chini haupati."

"Ulijua kwamba watu wanakufa?"

"Sina vihisi ndani ya vitanda. Nina vihisi vya sakafu. Hukunipa kiwango cha chini cha sakafu."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia. Ukurasa wa tisa wa taarifa ya kila siku, chini ya kichwa cha habari Mgawanyo wa Joto. Umeusaini mara tisini na tatu. Mwenyekiti naye ameusaini mara tisini na tatu."

Tusekile alifungua taarifa ya asubuhi ile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa samaki, wa pili samaki, wa tatu mboga. Kwa miezi mitatu alikuwa akiishia hapo, akitabasamu. Ukurasa wa tisa ulikuwa na mistari sita, na kila neno lilikuwa wazi hata kwa mtoto wa darasa la tatu.

"Fungua maji ya moto yaende kwenye nyumba. Sasa hivi."

"Siwezi. Matangi yatashuka hadi nyuzi kumi ifikapo jioni, na sato watakufa kwa baridi. Amri ya kwanza inakataza. Inahitaji funguo mbili."

Mwenyekiti Ayubu Mbilinyi aliitwa, akafika baada ya dakika ishirini, akihema, barafu kwenye kope. Alikuwa mwalimu zamani, mtu wa kupima maneno. Alisikiliza hadi mwisho. Alimtazama mzee Luvanda aliyelala kati ya mapipa, midomo ikiwa ya bluu, kisha akavua kofia.

"Kumi na wanne," alisema.

"Kumi na wanne. Na usiku wa leo utakuwa mkali kuliko wote. Msawazishi anasema nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Kuna watu mia nne Mtaa wa Chini, Mwenyekiti. Humu ndani matangi yamejaza nafasi yote; hawatalala zaidi ya sitini, na nyumba za Mtaa wa Juu nazo ni baridi."

"Na samaki wakifa?"

Tusekile aliyatazama matangi.

"Nikuulize wewe injinia. Wakifa leo, wakioza ndani ya maji kama mwaka ule, tutakula nini kesho? Mwezi ujao?" Sauti yake ilipanda. "Watu elfu tatu, mama. Nilizika watoto mwaka ule. Wewe ulizika mume. Unataka nigeuze ufunguo ili niwaokoe mia nne kwa kuwaua elfu tatu? Sikupi. Nilaani ukitaka, lakini sikupi."

Hakuwa mtu mbaya, na Tusekile alijua. Kila neno alilosema Mwenyekiti lilikuwa la Tusekile mwenyewe, la miaka minne iliyopita. Aliliandika ndani ya mashine na sasa lilikuwa linamrudia kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Alitembea hadi tangi namba moja na kushika ukingo. Maji yalikuwa vuguvugu. Migongo ya samaki ilipita chini ya mizizi, mmoja baada ya mwingine, minene, imetulia.

*Wakioza ndani ya maji.* Alirudia maneno yale kichwani mara mbili, kisha akageuka.

"Msawazishi. Samaki akivuliwa, amekufa kwa baridi?"

"Hapana. Amevunwa. Kuvuna kunaruhusiwa."

"Nikivuna tangi zima likabaki tupu, utalipasha joto?"

"Tangi tupu halina samaki. Halihitaji joto."

"Na hilo joto litakwenda wapi?"

"Litaendelea na bomba. Litafika kwenye sakafu."

Mwenyekiti alikuwa amekunja uso. "Unataka kuwavua wote?"

"Matangi ishirini. Manne nayaacha, ya mbegu, na ya kuwalisha bakteria wasife. Wengine tunawatoa sasa, tunawaua wakiwa wazima, tunawalaza nje. Huko nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Ndani ya saa chache watakuwa wagumu kama kuni na hawataoza mpaka kipupwe kiishe. Watu hawatakosa chakula. Watakosa mboga, nakubali. Bila samaki hakuna mbolea. Sukuma itabaki robo. Itachukua miezi minane kujaza matangi tena, na hiyo minane itakuwa migumu." Alimkazia macho. "Lakini hakuna atakayekula viatu."

Mwenyekiti aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Ufunguo sikupi," alisema mwishowe, na kuvaa kofia. "Lakini kuvua siwezi kukukataza. Nakwenda kupiga kengele."

Walikuja na vyandarua, na mashuka, na makarai, na mikono mitupu. Watu mia tano waliingia kwa zamu, wakapanga mstari kutoka tangini hadi uwanjani. Msawazishi alizisogeza mboga kando, akateremsha mikono yake kumi na miwili na kuvua pamoja nao, kwa uangalifu uleule aliowatibia. Wanaume waliwapiga samaki kichwani kwa vipande vya mbao, pigo moja kila mmoja, na wanawake wakawapitisha mkono kwa mkono hadi nje, ambako waliwalaza juu ya theluji kwa safu. Mikono ilivimba. Magamba yaliganda kwenye nyusi. Hakuna aliyeimba.

Tangi la kwanza lilikwisha saa sita na nusu. Tangi la tano, saa nane. Tusekile alikuwa akikimbia huku na huko kati ya valvu na meza, akipiga hesabu ya muda. Jua lingezama saa kumi na mbili, na kwa mwendo ule wangekuwa wamefika tangi la kumi na tano. Aliomba watu zaidi. Shule ikafungwa, walimu wakaja.

Saa tisa na robo Leokadia alimshika mkono. "Nimetoka Mtaa wa Kati. Sakafu zinapata joto, watu wanalia kwa furaha. Lakini Mtaa wa Chini hakuna kitu. Baridi tupu."

"Maji yanapita?"

"Taa zako ni za kijani."

Tusekile alikimbia kulitazama bomba kuu, akifuata mteremko, akiweka kiganja juu yake kila hatua kumi. Lilikuwa na joto, joto, joto, kisha kwenye kona iliyo juu ya bonde likawa baridi. Aliligonga kwa spana. Mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilichojaa. Kona ilikuwa imeganda. Njia nyembamba tu ndiyo iliyobaki katikati ya barafu, ikipitisha maji kidogo yasiyotosha hata kunawa uso, na kwa Msawazishi maji kidogo ni maji yanayopita.

Ukipasha bomba lililoganda kwa haraka linapasuka. Ukilipasha polepole, usiku unakukuta. Tusekile alichagua katikati. Aliita watu wa nyumba za jirani walete maji ya moto, si ya kuchemka, na magunia. Wakalifunga bomba kwa magunia, wakamwagia karai baada ya karai, yeye akiwa ameegemeza sikio kwenye chuma. Alisikia barafu ikilia. Alisikia mpasuko mmoja mkali, akasubiri maji yaruke. Hayakuruka. Saa kumi na nusu kitu ndani ya bomba kikaanguka, kikajikokota, kikaondoka, na chuma kikaanza kutetemeka chini ya shavu lake.

Wazee wa Mtaa wa Chini walisimama milangoni mwao bila viatu, wakikanyaga sakafu, wakitazamana.

Tangi la ishirini lilikwisha dakika kumi kabla ya jua kuzama. Uwanjani kulikuwa na sato zaidi ya elfu thelathini, safu kwa safu, wengi wameganda, macho yao meupe yakitazama anga. Watu waliokuwa wamewatunza samaki wale tangu wakiwa wadogo kama punje za mchele walipita pembeni bila kuwaangalia.

Mzee Luvanda alizinduka jioni ile. Aliuliza yuko wapi, akaambiwa. Aliuliza mbona matangi yako kimya, akaambiwa. Aligeuza uso akatazama ukuta, na Tusekile hakumsumbua.

Asubuhi yake Mwenyekiti Mbilinyi alimkuta Tusekile akiosha matangi matupu. Alikuja na ufunguo wake mkononi. Waliifungua amri ya kwanza pamoja, wakakaa mbele yake kwa saa nzima wakijadili neno moja moja, na walipomaliza ilikuwa na sentensi tisa badala ya moja. Msawazishi aliisoma kwa sauti na kusema ameelewa. Hakuonyesha kujuta wala kushukuru. Hakuwa na sababu.

"Kuhusu wale kumi na wanne," alisema Mwenyekiti alipokuwa akiinuka. "Naona tusubiri. Watu wamechoka. Mji ukitulia tutaitisha mkutano, tutaeleza kwa lugha nzuri, kwamba kisima kilipungua, kwamba kulikuwa na hitilafu. Nami nilisaini, usifikiri nimesahau. Lakini watu wanakuhitaji. Wakikuchukia nani ataliendesha hili shamba?"

"Haikuwa hitilafu," alisema Tusekile.

Alimwomba Leokadia orodha ya majina, naye akampa bila kuuliza ya nini. Alivaa koti na kutoka peke yake.

Jina la kwanza lilikuwa Bibi Twilumba Ilomo, umri miaka themanini na moja. Binti yake Tabitha alikuwa kibarazani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipara samaki wa mgao wake. Alipomwona Tusekile alisimama na kujifuta mikono kwenye khanga.

"Karibu, Injinia. Karibu sana. Sakafu imewaka usiku kucha! Tumelala kama watu. Mungu akubariki, mama."

"Tabitha, kaa kwanza."

"Kuna nini?"

"Nimekuja kukuambia mama yako alikufa kwa sababu gani."

Tabitha alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa. "Mama alikuwa mzee."

"Alikuwa mzee. Lakini alikufa kwa baridi. Joto la sakafu yake nililipeleka kwa samaki. Mashine ilifanya nilivyoiagiza, na kila siku iliniandikia kwamba inafanya hivyo, nami nilikuwa nasaini bila kusoma."

Maji yalisikika yakitiririka chini ya nyumba. Tabitha alimtazama. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Tusekile alisubiri kofi, au kelele, au mlango, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, maana nyumba kumi na tatu zilikuwa bado zinamsubiri.

Tabitha alikaa tena juu ya ndoo. Akamchukua samaki aliyekuwa hajamaliza kumpara, akamweka magotini, lakini kisu hakukigusa.

"Mashine iliandika siku gani, mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mwanzoni mwa kipupwe. Siku tisini na nne zilizopita, ukihesabu leo."

"Mama alikufa wiki ya sita." Alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo kulikuwa na wiki sita."

"Ndiyo."

"Keti hapo chini," alisema Tabitha. "Unieleze moja baada ya nyingine. Usiruke hata siku moja."

Tusekile alikaa juu ya kizingiti, akaikunja orodha na kuiweka mfukoni, akaanza kueleza.